Mara ya Tatu

Tulia, Kitui
2 Februari 2025

Mwanangu Kalekye,

Simu yako inaita mpaka inachoka, na hushiki. Nimepiga mwezi mzima. Nimeona nirudi kwa kalamu. Nilifundisha Kiswahili darasa la sita kwa miaka thelathini na moja, na kama kuna kitu sijasahau ni barua ya kirafiki, anwani juu upande wa kulia. Jirani yangu Kanini hupeleka ndengu Makindu kila baada ya wiki mbili. Amekubali kupita hapo Kiboko akutafute katika hilo shamba la utafiti mnakofukuza ndege. Majibu mpe yeye, na usimpe ya mdomo.

Sina neno la kukulaumu, na ninataka hilo litangulie. Siku ya mazishi nilikuona umekaa nyuma na vijana wa kanisa, na akina mama wa ukoo wakipita wanakuruka kama kiti. Ni kwa sababu mbuzi wa ntheo, wa kukuposa, walikuwa hawajafika kwenu Nunguni. Walikuwa waende tarehe kumi na nane Januari, na bila hao watatu mila haijui wewe ni nani kwetu. Mimi nilijua. Nilitaka nije nikushike mkono, nikabaki nilipokuwa. Unisamehe.

Nzioka alikuleta Krismasi nikuone, na kesho yake, Boxing Day, mkaenda na vijana wa kanisa kutembea kule Mavia Matune. Matembezi ya siku moja tu, kupanda mawe na kupiga picha. Niliwafungia chapati kumi na sita, nikamwambia Nzioka asipoteze hotpoti yangu. Hotpoti ilirudi.

Kiema, kiongozi wenu, amenieleza mengine. Mlifika juu saa sita, mkala. Kiatu kilikuwa kimekuchuna kisigino, ukabaki kivulini. Wenzenu wakaendelea mbele. Nzioka akachukua chupa akakutafutie maji ya kuosha kidonda kwenye dimbwi la mwambani. Wenzenu waliporudi saa kumi walikukuta peke yako. Wakatafuta mpaka giza likawashinda, na asubuhi wakampata ndani ya ufa.

Swali langu ni moja. Aliita? Wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Kiema anasema ulimwambia hukusikia kitu, lakini nataka nilione kwa mwandiko wako. Kama hakuita, basi alikwenda palepale alipoanguka, na mimi nitaweza kumeza chakula. Kama aliita, sijui nitafanya nini. Niandikie.

Ni mimi mama yako,
Kalondu, Mama Nzioka


Kiboko, Makueni
16 Februari 2025

Kwa Mwalimu Kalondu,

Bwana asifiwe. Barua nilipewa na Kanini hapa langoni, na kilo moja ya ndengu. Asante kwa zote mbili. Unisamehe kwa simu. Ikiita ninaiangalia tu mpaka inyamaze.

Kazi iko. Mtama umetoa vichwa na ndege wanakuja kama wingu. Kila mtu ana kichanja chake, tunapanda saa kumi na mbili asubuhi, tunapiga madebe na kupiga kelele mpaka jua lizame. Jioni sina sauti ya kusema hata ahsante. Nzioka alikuwa akinicheka sana. Alikuwa anasema siku ya harusi mchungaji akiniuliza kama ninakubali, nitampigia debe.

Mwalimu, hakuita. Ningesikia. Kazi yangu mimi ni koo na masikio. Kulikuwa kimya, upepo tu, na nyani mbali. Hakuna sauti yoyote nilisikia kutoka bondeni. Kwa hivyo ni vile unasema, alienda palepale, hakuumia. Kula, tafadhali. Kanini anasema umekonda.

Kuhusu mazishi usijali. Nilikuwa najua mbuzi mbado.

Wako katika Bwana,
Kalekye


Tulia
9 Machi 2025

Mwanangu Kalekye,

Ni "bado", si "mbado". Nzioka naye aliandika "mbado" mpaka darasa la nane, na mamake ndiye mwalimu. Nilipoliona hilo neno lako nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda jikoni nikala ugali wote. Kwa hiyo barua yako imefanya kazi.

Unakumbuka siku ya Krismasi nilipokuita kutoka jikoni ukaniitikia "Naam!" kama askari? Nikatoka na mwiko wangu nikakwambia, naam ni ya wavulana, msichana huitika abee. Nzioka alicheka hadi chai ikamtoka puani. Akasema, "Mwaitu, hata hajavua koti na umeshaanza kusahihisha!" Ninakikumbuka kicheko hicho kila nikishika mwiko, na ninashika mwiko mara tatu kwa siku.

Nimekuwa nikipata nguvu kwa yale uliyoniandikia. Ninamwambia Mungu asante kwamba hakuita. Maana huyo mtoto alikuwa anajua kuita. Ngoja nikusimulie. Alikuwa na miaka minane, akachunga mbuzi hadi upande ule ule wa mawe, akapotea. Nilitoka kumtafuta. Nikasikia akimwita mama yake, "Mwaitu! Mwaitu!" Mara mbili, halafu kimya. Nilifuata palepale nikampata amekaa juu ya jiwe, amemshika mwanambuzi shingoni, analia bila sauti. Nikamwuliza kwa nini hakuendelea kuita. Akaniambia, "Si ni wewe ulisema?"

Ni kweli, nilimwambia. Baba yangu alitufundisha hivyo na mimi nikamfundisha. Ukiwa kwenye mawe, jina la mtu liite mara mbili tu, kisha unyamaze ungoje. Ya tatu si yako. Ukiita mara ya tatu umewaita wenye mawe, na hao wakija hawarudi bila kitu. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani na najua utasemaje, lakini sisi huku Jumapili tunaimba na Jumatatu tunatema mate chini tukipishana na bundi. Nzioka hakuwahi kupita mbili. Hata sokoni Tulia, akinitafuta kati ya watu, ni mbili tu, halafu anasimama anangoja. Wenzake walimcheka kwa hilo.

Mulei, shemeji yangu, anataka wale mbuzi watatu wauzwe. Nimemwambia aondoke uani kwangu. Njoo Pasaka. Utalala chumba cha Nzioka au changu, utakavyotaka.

Mama yako,
Kalondu


Kiboko
23 Machi 2025

Mwalimu,

Nilisoma barua yako nikiwa kichanjani. Niliacha kupiga debe. Ndege wakakula mstari mzima wa mtama na msimamizi akaja kuuliza kama nimekufa.

Aliita. Aliita mara mbili.

Wacha niandike yote kabla mkono ukatae. Nilikuwa nimekaa chini ya mkuyu mdogo, ule umetokea katikati ya mawe, kiatu nimevua. Nzioka alikuwa ameenda kitambo. Nikasikia jina langu. Lilitoka chini, upande wa bonde, na yeye alikuwa ameenda juu, upande wa maji. Na haikuwa sauti yake, Mwalimu. Ilikuwa nene, imezunguka, kama mtu anaita akiwa ndani ya mtungi. Halafu ikaita tena. Kalekye.

Nilijifunika mdomo kwa mkono.

Susu, bibi yangu wa Nunguni, ndiye alinilea. Kitu cha kwanza alinifundisha kabla ya kuniachilia niende kuni ni hiki: porini usiitike mpaka jina lako liitwe mara ya tatu. Alikuwa anasema wasio watu wanajua kuita, lakini hawafiki tatu. Wakiita ya kwanza, nyamaza. Ya pili, nyamaza. Ya tatu, hiyo ni mtu wako, kimbia umwendee. Binamu yangu mmoja aliitika ya kwanza akapatikana baada ya siku mbili hajui jina lake. Mimi nilikua nikijua hivyo kama vile najua moto unachoma.

Kwa hivyo nilikuwa nangoja ya tatu. Nilikuwa nimeshavaa kiatu. Nilikuwa nimesimama tayari kabisa, Mwalimu, ningetoka mbio na hicho kidonda. Ya tatu haikuja.

Nilijiambia si yeye. Nilijiambia atatokea na chupa ya maji anicheke. Kina Kiema waliporudi niliogopa kusema nimeitwa na kitu, ni vijana wa kanisa, wangenichukulia vipi? Nikasema sikusikia kitu. Wote wakaenda kutafuta juu. Jua likianza kushuka nikasema, "Tujaribu bondeni." Kiema akasema, "Huko hata mbuzi haipiti, Kalekye. Wewe kaa tu upumzike, umechoka." Nikakaa. Sikusema ni kwa nini nataka bonde. Asubuhi walimpata bondeni, labda dimbwi la juu lilikuwa limekauka akashuka, na kutoka kwa ule mkuyu unaona mahali.

Miezi hii yote nilikuwa najiuliza kwa nini hakuita ya tatu. Nilifikiria labda pumzi iliisha. Nilifikiria labda ni kweli hakuwa yeye. Sasa umeniambia. Wewe ulimfundisha vizuri, akasikia. Susu alinifundisha vizuri, nikasikia. Yeye kule chini anangoja niitike, mimi huku juu nangoja aite. Hakuna aliyekosa adabu kati yetu.

Nilikudanganya ili ule. Pia nilijidanganya. Sitakuja Pasaka, siwezi kulala katika hicho chumba. Hizo mbuzi uza.

Kalekye


Kiboko
18 Mei 2025

Mwalimu,

Kanini ameshapita mara nne tangu niandike. Kila akifika naangalia mfuko wake kabla ya kumsalimia, na yeye ameanza kuushikilia nyuma kama mtu ameiba. Anasema ulisoma barua ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaenda kuwapa mbuzi maji.

Sidai jibu. Nilitaka tu ujue kwamba sasa simu naishika, ya kila mtu, hata nambari nisizozijua. Jana alipiga mtu wa kuuza bima na nikamsikiliza mpaka mwisho, akashangaa yeye.

Mtama wa kwanza umevunwa. Tumepanda mwingine.

Kalekye


Tulia
27 Desemba 2025

Kalekye,

Hii ni barua ya saba. Sita nilichoma.

Nilikuchukia, nikuambie wazi. Kuanzia Machi hadi mvua za Novemba, nilikuchukia kwa moyo wangu wote, nikiimba kanisani na kukuchukia. Nilimwona mtoto wangu ndani ya shimo, na wewe juu yake umeziba mdomo. Nilitamani Susu yako awe hai nimwendee Nunguni na fimbo. Kisha siku moja nilikuwa nikipepeta ndengu, chuki ikaniisha mkononi, hivihivi, nikabaki na ungo. Maana nani alimfundisha anyamaze? Nilipochoka kukuchukia wewe nilihamia kwangu, na huko sijachoka.

Kuna jambo jingine lazima nilikiri. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Uliandika hukusikia sauti yoyote kutoka bondeni. Mtu ambaye hakusikia kitu, mwanangu, hasemi hakukisikia kutoka upande gani. Nimesahihisha insha za watoto miaka thelathini na moja, najua mtoto anapojibu swali ambalo hakuulizwa. Nilikiona hicho kisentensi nikakipita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya msiba bila kuingia. Nilitaka kudanganywa nile. Nikala. Halafu nikakuandikia habari ya mara mbili, na sijui hadi leo kama niliandika kwa kukumbuka tu au kwa kukutega. Naomba Mungu iwe ni kukumbuka.

Jana ilikuwa mwaka mmoja. Nilimwambia Kiema anipeleke Mavia Matune. Akasema, "Mwalimu, hayo magoti yako hayataweza." Nikamwambia magoti ni yangu. Tulitoka alfajiri. Miaka yote nimeishi nikiyaona yale mawe kutoka shambani na sikuwa nimewahi kupanda, kwa jinsi nilivyoogopa. Ni mahali pazuri, hakuna aliyeniambia. Mawe yamekaa kimya mekundu, na ukifika juu unaona nchi yote, kavu, na kijani kidogo kwenye mito. Nilielewa kwa nini alitaka uone.

Tulifika kwenye ule mkuyu. Nilikaa ulipokaa wewe. Kisha nikamwambia Kiema akae hapo, mimi nikashuka polepole kwa makalio na kwa fimbo, nikafika ukingoni mwa ufa. Nikalala kifudifudi nikauingiza uso ndani. Kuna baridi humo, na harufu ya popo. Nikaita jina lako mara mbili, kama yeye.

Niliporudi juu Kiema alikuwa amesimama, jasho linamtoka. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo haikuwa sauti yako. Na nilikuwa najua ni wewe! Ningekuwa peke yangu hapa, ningehepa." Kisha akakaa chini akalia, mtu mzima, akasema, "Aliniambia tujaribu bondeni nikamkatalia." Kwa hiyo sasa tuko watatu.

Nilirudi kwenye ufa mara ya pili. Safari hii nilimwita yeye. Nzioka. Nzioka. Nikasimama kwenye ya pili, pale ambapo nimesimama maisha yangu yote, na baba yangu kabla yangu. Kisha nikaita ya tatu.

Nikangoja hao wenye mawe waje. Sikuogopa, wangekuja ningewapokea, ningewauliza walitaka nini. Hakuja mtu. Upepo ulipita. Pimbi mmoja alitoka juani akanitazama, akajikuna, akarudi zake. Hakuna kitu kule, Kalekye. Ni mawe. Nilimfundisha mtoto wangu kunyamaza kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Sitakuambia kwamba ungeitika isingebadilisha lolote. Labda ingebadilisha, labda Kiema angeshuka na kamba jua likiwa bado liko juu. Hilo utalibeba na mimi nitabeba langu, na hakuna atakayempokea mwenzake mzigo. Lakini tunaweza kuketi pamoja tukiwa tumeibeba mizigo yetu. Hilo nimelifikiria sana na ndilo pekee nililopata.

Mbuzi sikuwauza. Mmoja amezaa mapacha, wamejaa uani wanakula nguo zangu kwenye kamba. Siwapeleki Nunguni, wewe ni kijana, utapata mtu, na sitaki mila ikufunge kwa aliye kaburini. Lakini njoo uwaone. Chumba kiko. Ukikiogopa utalala na mimi, kitanda changu ni kipana na mimi sikoromi sana.

Simu sikupigii. Nakuita hapa, mara moja tu. Sitarudia, na wewe usingoje.

Kalekye.

Mama yako


Kiboko
4 Januari 2026

Mwaitu,

Abee.

Nimeandika hilo kwanza, hata kabla ya tarehe. Tarehe nimeongeza baadaye. Kanini anangoja langoni, amekataa kukaa, anasema safari hii hawezi kurudi mikono mitupu, utamuua.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi nitakuja na gari la asubuhi kupitia mjini Wote, nitakuwa kwako kabla ya saa tisa. Nitalala kwako, si kwake, kwa sasa. Jumapili baada ya kanisa nataka unipeleke kaburini, halafu, kama magoti yatakubali, Kiema atupeleke kule juu. Nimenunua viatu vingine.

Nina kitu cha kupeleka na siwezi kumpa Kanini. Hiyo abee ya hapo juu ni yako, ulinifundisha mwenyewe. Lakini kuna zingine mbili ziko na mimi tangu Boxing Day, zimenikaa kooni, na kazini napiga kelele siku nzima na hazitoki. Ni zake. Nikifika ukingoni mwa huo ufa nitainama niziachilie, na wewe usinisahihishe.

Abee, Nzioka.

Abee.

Kalekye